Kadi ya Mabati Ishirini na Manne

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigilia misumari bondeni. Vijana mnaosoma haya huenda hamjui ukubwa wa kosa hilo, basi nieleze. Bati lina migongo na mabonde. Maji ya mvua hushuka kwa kupitia mabondeni, kwa hiyo msumari hupigwa mgongoni, ili tundu lake libaki juu ya maji. Mimi, kwa bidii ya mtu anayetaka kuajiriwa, nilishapiga misumari sitini mabondeni, tena kwa mstari ulionyooka kuliko reli. Fundi Mkuu wa karakana ya misheni pale Ifakara akapanda ngazi, akautazama mstari wangu kwa muda wa kutosha ugali kuiva.

"Wewe kabila gani?" akaniuliza.

"Mndamba, Fundi Mkuu."

"Mndamba! Umezaliwa mguu mmoja uko majini, halafu hujui maji yanapita wapi?"

Wenzangu walicheka hadi mmoja akashuka chini bila kutumia ngazi. Misumari yote sitini niliing'oa mwenyewe, na yale mabati yakaenda kuezeka choo cha karakana, ambacho tangu siku hiyo ukiingia wakati wa mvua unatoka umeoga.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mke mmoja, na udadisi wa watu wanne. Nilitaka kujua kila kitu. Kwa mfano geji, yaani kipimo cha unene wa bati: bati la geji thelathini ni jembamba kuliko la geji ishirini na nane. Nikamuuliza Fundi Mkuu kwa nini hesabu imesimama kichwa chini. Akasema, "Muulize aliyeianzisha. Ukimpata, mwambie na mimi namtafuta."

Baada ya miaka miwili nikapanda treni kwenda Mlimba, kwa mkandarasi aliyekuwa anajenga ghala la mpunga. Ghala lile lilikuwa refu kiasi kwamba mtu wa upande huu akipiga chafya, wa upande wa pili anamwambia pole kesho yake. Huko Msimamizi wa Kazi ndiye aliyenifundisha kenchi, zile mbao zinazobeba paa kwa umbo la pembetatu; papi, mbao nyembamba za kulaza juu ya kenchi ili bati lipate pa kupigiliwa; na kofia, bati la kufunika kilele. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa makali. "Paa ni hesabu," alisema. "Kama hesabu hujui, kaezeke nyasi."

Maneno yale yaliniuma. Niliporudi Ifakara nikajiandikisha masomo ya jioni, kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Mwalimu wa Biashara, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya paroko, akatufundisha mauzo kwa awamu: mteja anatanguliza kidogo, anachukua mali, anamalizia mwezi kwa mwezi. Nikasikia moyo unaruka. Wateja wangapi nimewaona wanalipenda bati kama mtu anavyompenda mchumba, halafu wanarudi kwenye nyasi kwa kukosa fedha za mkupuo? Nilifaulu mtihani. Cheti nilikitundika ukutani juu kidogo ya picha ya harusi, na mke wangu hakulisahau hilo kwa miaka saba.

Hivyo ndivyo nilivyofungua kibanda changu Kibaoni na kuanza kulipisha kwa kadi. Siku hizi kijana akisikia kadi anafikiria ile ya plastiki ya benki. Yangu ilikuwa ya karatasi ngumu ya rangi ya waridi, imepigwa taipu, ina visanduku ishirini na vinne. Kila kisanduku ni bati moja. Visanduku viwili vilikaa chini ya jina la kila mwezi, Desemba hadi Novemba, na mteja akilipa bati nilikitoboa kisanduku kwa koleo la kutobolea mikanda, nililoazima kwa fundi viatu. Chini kabisa niliandika sentensi niliyoinakili neno kwa neno kutoka kitabu cha masomo ya jioni: "Asiyelipa kwa wakati, mali itarejeshwa."

Mabati yenyewe nilichukua kwa mali kauli, yaani kwa makubaliano ya kulipa baadaye, kwa Tajiri wa vifaa vya ujenzi pale sokoni. Rehani ikawa hati ya kiwanja changu. Tajiri aliigeuza kadi, akaisoma hadi chini, akatabasamu. "Mali itarejeshwa. Hapo umesema, Fundi. Usomi mzuri."

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Skolastika wa Michenga, mkulima wa mpunga, mjane mwenye umri wa mama yangu. Alitanguliza visanduku vinne kwa fedha za bata na samaki wakavu, nikaezeka nyumba yake Novemba, kabla mvua haijachanganya. Wengine wawili walikuwa na kadi ndogo ndogo. Yeye ndiye aliyekuwa amebeba kiwanja changu.

Desemba na Januari zilishalipiwa na kile kitangulizi. Februari hakuja. Machi alikuja Tajiri.

"Kadi inasema mali irejeshwe," alisema. "Twende tukairejeshe. Ama mabati, ama kiwanja chako."

Tukaenda na gari lake dogo la mizigo hadi barabara ilipokata tamaa. Pale Tajiri akavua viatu, akakunja suruali, tukaingia majini, mimi na ngazi begani. Mama Skolastika alitukuta tukitoka kwenye tope kama kambare wawili.

"Shikamoo, Mama," nikasema, macho yakiwa ardhini.

"Marahaba, baba. Na ngazi yote hiyo? Mmekuja kuniezekea na jiko?"

Nikamweleza. Hakulia wala hakutukana. Alitazama paa lake, akanitazama mimi. "Basi ng'oa, mwanangu. Ila anza na la juu ya kitanda changu, nilale nikiziona hizo mbingu ambazo padre ananiahidi kila Jumapili."

Nikapanda. Nilimwezekea mtu kwa mikono hii, sasa namwezua na mvua imejaa angani. Nikang'oa lile la juu ya kitanda, la pembeni, la mwisho kupigiliwa, nikalishusha. Tajiri akalipokea, akaliinua juu kulikagua. Jua lilikuwa limechungulia mara moja katikati ya mawingu, na miale kumi na miwili ikamwangukia usoni. Kila msumari niliouchomoa ulikuwa umeacha jicho.

"Fundi," akasema polepole. "Hili ni bati au chujio?"

Na mimi ndipo nilipoliona jambo ambalo kitabu hakikunionyesha. Kile kitabu kilizungumzia redio na cherehani. Redio ukiirejesha dukani inaendelea kuimba. Bati likishapigiliwa limeoa.

"Nitamuuzia nani?" Tajiri aliuliza.

"Mtu mwenye nyumba ambayo papi zake zina nafasi sawasawa na hizi, matundu yakutane na mbao."

"Yuko wapi mtu huyo?"

"Ndiye huyu Mama."

Tajiri alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, bati magotini. Mama Skolastika akaingia ndani, akarudi na kadi yangu. Alikuwa ameifunga kwa nailoni tabaka tatu, safi kama siku niliyompa.

"Fundi, hapa umeandika Februari," akasema. "Februari mimi nina nini? Nina mpunga uko magotini na ndege wanaonicheka. Mimi hela naiona Julai, nikishavuna na kukoboa. Bonde zima tuko hivyo. Hata wewe Mndamba unajua."

"Sasa Mama, mbona ulikubali?"

"Uliniuliza kama nataka bati. Nani asiyetaka bati? Hukuniuliza fedha napata lini."

Nilijua. Hilo ndilo lililonikera. Nimelima mpunga tangu nikiwa na meno ya utoto, lakini nilipokalia lile dawati la jioni nilikuwa kama nimeacha bonde nje ya mlango.

Tajiri akasimama. "Julai," akasema. "Julai ikiisha sijaona kitu, nachukua kiwanja chako, Fundi. Chenyewe hakina matundu."

Nililirudisha bati, nikijaribu kuupitisha kila msumari kwenye jicho lake lile lile, nikaziba kwa lami na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kisha ikaanza miezi minne ambayo sitaisahau. Kila wiki niliendesha baiskeli hadi Michenga kuutazama mpunga wa Mama Skolastika. Nadhani tangu dunia iumbwe hakuna mpunga uliotazamwa kiasi kile. Nilijua mashuke kwa sura. Nilifukuza ndege kwa kelele hadi sauti ikanikauka, na Mama akaniambia, "Baba, ndege wamekimbia, ila na majirani nao wamekimbia."

Mwisho wa Julai bado siku tatu, Mama aliingia Kibaoni na wapwa zake watatu wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia ya mchele. Mnunuzi alikuwa akimngoja. Akaja kibandani kwangu na fedha mkononi, Tajiri akiwa amekaa pale tangu asubuhi. Nikatoboa kadi, kisanduku baada ya kisanduku, mkono ukiuma kwa furaha. Vikawa kumi na tisa, na vile vinne vya mwanzo ishirini na vitatu. Akafunga kitambaa chake.

"Mama, bado kimoja," nikasema.

"Kile ni cha lile mliloling'oa. Linavuja kitandani kwangu. Mimi silipii kuvuja. Tajiri akitaka hela yake, aje alale chini yake."

Hati yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Tajiri, naiona inavyochomoza. Tajiri alimtazama yule Mama, akaitazama kadi, akaninyang'anya koleo. Akakitoboa kisanduku cha mwisho mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaniwekea hati mezani.

"Nipigie kadi mia za duka langu," akasema. "Mwezi wa kwanza uandike Julai."

Niliendelea na kazi hiyo hadi magoti yalipokataa ngazi. Vijana mafundi huja kuniuliza habari za mikopo na malipo ya simu, wakidhani mzee hajui kitu. Huwauliza tu: mteja wako fedha zake hufika mwezi gani, na ulichompa kinang'oleka? Wengi wanajua la simu, haya mawili hawayajui.

Lile bati nilikwenda kulibadilisha wiki ileile, kwa bati jipya la fedha yangu. La zamani liko juu ya banda langu la kuku. Mvua ikianza, kuku huhamia upande wa pili bila kuambiwa, nami huvuta kiti mlangoni nikawatazama.