Baka la Shavu la Kushoto

Mpiga picha wa mtaa wetu alikuwa na dini mbili. Ya kwanza alizaliwa nayo na hakuihubiri sana. Ya pili aliibandika ukutani mwa studio, juu ya kompyuta, kwa wino mwekundu: ASILI HAIGUSWI. Ndiyo iliyompa jina la Bi Asili.

Mafundisho yake hayakuwa mengi. Picha ikitoka kwenye kamera huingia folda iitwayo Asili, na humo haitiwi mkono. Anayetaka kung'arishwa uso, kupunguzwa tumbo au kuvishwa tai asiyoimiliki hufanyiwa hayo kwenye nakala.

"Uongo wote nautia kwenye nakala," alizoea kusema. "Asili ni shahidi, na shahidi hapakwi poda."

Kila mwisho wa mwezi aliinakili folda nzima kwenye diski, akaivisha diski soksi ya kijivu, akaivusha ua hadi kabatini kwa dada yake, moto usije ukala vyote kwa mkupuo. Wapiga picha wenzake walimcheka. Naye aliwatazama kama mwenye mwavuli anavyowatazama wanaosema haitanyesha.

Jumanne moja, saa nane mchana, mshonaji wa duka la pili aliingia studioni bila viatu. Mama yule hakuwahi kuonekana bila viatu, hata siku choo chake kilipofurika. Bi Asili akasimama.

"Nitolee picha ya mwanangu. Ile yenye baka."

Mwanawe aliondoka miaka tisa iliyopita kutafuta kazi, na kwa miaka sita hakuna aliyesikia habari zake. Sasa redio imetangaza: hospitali moja ya mbali ina mgonjwa aliyeokotwa ajalini, hasemi, hana kitambulisho, ana baka la kuzaliwa shavuni. Akina mama watatu walikuwa wameshapiga simu, kila mmoja akiapa kuwa ni wake. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali alichoka kusikia viapo, alitaka picha. Saa kumi gari lingemchukua mgonjwa kumpeleka kwenye makao ya wasiojulikana, na huko angeandikwa jina lolote litakalopatikana.

Nyumbani kwa mshonaji picha zote zilionyesha shavu la kulia. Kijana alijua kugeuka. Moja tu alipigwa uso kwa uso, hapa studioni, miaka kumi na mmoja nyuma, ipelekwe kwa wakwe. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba baka lifutwe.

"Nilisema wataliona siku ya harusi, wakiwa wameshakula," alisema sasa, na hakucheka.

"Usihofu, mama. Asili ipo."

Bi Asili akaifungua. Uso ulikuwa laini kama yai lililomenywa.

Akaifunga. Akaifungua. Uso ule ule.

"Kompyuta inachelewa," alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza nje ya nakala.

Akampigia dada yake. "Dada, ile soksi ipo?"

"Ipo. Mwenzake ndiye sijawahi kumwona."

"Ilete. Kimbia."

Dada alikimbia, na diski ikaonyesha yai lile lile. Kila mwisho wa mwezi, kwa miaka kumi na mmoja, Bi Asili alikuwa amelitunza kosa kwa uaminifu mkubwa.

Akaangalia faili ilibadilishwa lini. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane, siku ile ile ya kupigwa. Hapo akakumbuka. Aliifungua asili aikague tu, mkono ukaanza kufuta kidogo, halafu kidogo tena, nia ikiwa kuihifadhi pembeni kama nakala. Taa zikayumba. Kwa hofu ya kupoteza kazi ya saa nzima, akabonyeza Hifadhi. Umeme ukakatika, na kesho yake alikumbuka kazi tu, si mahali alipoiweka.

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini.

"Mama," alisema, "nimemfuta. Mimi mwenyewe."

Mshonaji akaketi kwenye kiti cha wateja, kilichoelekezwa kwenye kamera. "Si mimi niliyekutuma?" aliuliza taratibu. "Tafuta."

Bi Asili akafungua programu ya zamani, inayopanga vijipicha kama stempu, aone kama pengine siku ile alimpiga mara mbili. Hakumpiga mara mbili. Lakini mshonaji aliinuka, kidole kikagonga kioo cha kompyuta.

"Huyu hapa!"

Kwenye stempu, shavu la kushoto lilikuwa na kivuli cheusi. Bi Asili akabonyeza. Picha ikajaa kioo, shavu jeupe pe. Akarudi, kivuli kikarudi.

"Usimfungue tena!" mshonaji akapiga kelele. "Mwache hapo hapo!"

Kamera ndiyo iliyofanya hivyo. Ndani ya kila picha huficha kijipicha chake yenyewe, na programu ya kufutia ilishughulika na picha kubwa, ile ndogo ikaisahau. Bi Asili aliwahi kusoma jambo hilo na kuliona la kipuuzi.

Akaipiga picha stempu ile kwa simu yake. Mbili za kwanza zilitoka na ukungu. Ya tatu dada alimshikia kiwiko. Ikatumwa hospitalini. Saa kumi kasorobo simu ikalia.

"Mbona ndogo hivi?" aliuliza afisa.

"Ndiyo iliyosalia."

Mtu akaburuza kiti upande wa pili.

"Shavu la kushoto, limegusa sikio. Wale wenzenu wote walisema la kulia." Akakohoa. "Njooni. Hatumhamishi."

Mshonaji akatoka, bado bila viatu. Dada akamfuata na ndara zake mwenyewe mkononi.

Bi Asili alibaki na folda yenye picha elfu kumi na moja, asijue taa ziliyumba mara ngapi. Akaanza kulinganisha tarehe, faili kwa faili. Kufikia saa ya kufunga alikuwa amegundua wawili wengine: bibi harusi aliyeondolewa mwanya, na mwenye nyumba wake aliyepunguzwa tumbo. Akafungua nyingine aikague. Taa zikayumba.

Akaondoa mikono yote miwili kwenye kibodi, akaikalia mikono hiyo.