Nilimjibia Shangazi Bila Kumuuliza

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mtaa mzima wa Katubuka unanijua kwa mdomo na kwa viatu vikali.

Mimi ni kijana wa miaka 23. Shule niliachana nayo kidato cha pili, lakini kazi ya udodosaji niliipata mbele ya wenye vyeti vyao, kwa sababu Kiha nakiongea mpaka bibi kizee anacheka. Tulipewa vishikwambi, tupite nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanatumiaje simu, na wanaonaje mwanamke kuwa na simu yake. Sharti lilikuwa moja: mwanamke aulizwe peke yake.

Kijijini Simbo nikalivunja nyumba ya kwanza tu. Nabisha hodi, nasalimu kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, baba mwenye nyumba anavuta kiti. "Niulize mimi, huyu atakujibu nini?" Mke yuko pembeni anapukuchua maharage. Nikaandika maneno ya mume kwenye jina la mke. Nikaona mbona rahisi! Wenzangu wakihangaika kuwatoa wanaume nje, mimi namaliza kijiji. Msimamizi akaniita jembe, nikavimba kama chura.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya shangazi yangu, dada wa baba. Yeye alikuwa shambani. Mumewe akasema, "Simu ya nini? Hataki." Nikabonyeza: hataki.

Mwezi uliopita tukaitwa kwenye mkutano wa kijiji kusomewa majibu. Msimamizi akatangaza kuwa wanawake wa Simbo wenyewe wamesema hawahitaji simu, kwa hiyo simu na mafunzo ambavyo mradi ungewapa vinapelekwa kijiji cha Kidahwe. Shangazi akasimama. Huyu mama anauza maharage, na kila mnunuzi anapiga kwa mumewe, bei wanapanga wao.

"Mimi nilisema lini?"

"Mama, uliulizwa nyumbani kwako."

"Na nani?"

Msimamizi akanigeukia. Watu wote wakanigeukia. Na mimi, mwenye mdomo, nikasema, "Ni kweli, nilimuuliza. Alisema hataki."

Shangazi hakupiga kelele. Aliniangalia kama mtu aliyekuta funza kwenye chakula. "We mtoto wa kaka yangu, nimekubeba mgongoni." Akakaa. Tangu siku hiyo nikimpa shikamoo anatema mate pembeni.

Nikamfuata msimamizi, nikamweleza ukweli wote. Alikuwa anakula mgebuka, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akacheka, samaki yupo mdomoni. "Waume zao si wamewajibia? Tatizo liko wapi?" Kisha akanisukumia karatasi yenye alama ya kidole chake cha mafuta, nisaini kwamba kila mwanamke nilimhoji peke yake. Nikiirudisha ofisini Ijumaa imesainiwa, kazi inayofuata, ya Kasulu, ni yangu. Nisiposaini, atasema mwongo ni mimi peke yangu.

Jamani, nilichefuka. Nilichefukwa naye, halafu nikaona mikono iliyobonyeza ni hii yangu, nikachefuka zaidi. Mgebuka sasa hata harufu siwezi.

Karatasi ninayo hapa. Nikiisaini, itabaki imeandikwa kuwa shangazi hataki simu, na wanawake wote wa Simbo pamoja naye. Ijumaa hiyohiyo Simbo wanakutana tena; nikienda kusema ukweli mbele yao, mjini hapa hakuna atakayenipa tena kazi ya kuuliza hata jina la mtu.

Nitukaneni kwanza, nimestahili. Mkimaliza mniambie: ungekuwa wewe, Ijumaa ungeenda ofisini au ungeenda Simbo?