Nepi Kwenye Waya wa Mbwa

Mume wangu alichana nepi nne za mtoto wetu kwa ajili ya mbwa. Naanza na hilo ili anayesoma ajue kwamba hasira yangu ilianza asubuhi ya kwanza kabisa, kabla ya mambo ya wagonjwa. Zilikuwa nepi za pamba nyeupe, zile za kukunja pembetatu, nilizopewa na mama yangu nilipojifungua. Wakati ule, Likasi nzima, pamba ya namna ile usingeipata hata ungetoa kitanda chako.

Na mbwa wenyewe hawakuwa wetu. Walikuwa wa enjinia mmoja mzungu, mkubwa wa mume wangu kazini: dume la rangi ya mchanga na jike jeusi. Askari walipopora mji, wazungu waliondoka mbio, kila mmoja na sanduku lake. Huyu alimwita mume wangu barazani kwake akamkabidhi mbwa wawili, gunia la unga wao, na kiboksi cha rangi ya chungwa chenye waya mrefu. Akasema atarudi baada ya miezi mitatu na hatamsahau. Mume wangu akampa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na mtoto mgongoni, na hakuna aliyenikabidhi kitu.

Kiboksi kile unakichomeka ukutani, kinatuma umeme kwenye waya kidogo kidogo, tak, tak, tak. Si umeme wa kuua, ni wa kukupiga kofi. Mbwa akigusa mara moja, anaelewa mwisho wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, uko wapi. Lupango letu pale Panda, kambi ya wafanyakazi, lilikuwa na ua wa majani tu, wenye mianya ambayo hata mbuzi alipita bila kuinama. Na mbwa aliyetoka nje siku zile hakurudi. Askari wa kizuizi cha barabarani walimpiga risasi kwa kujifurahisha, au aliishia kwenye sufuria ya mtu, na huyo wa sufuria simlaumu.

Kulikuwa na kijitabu cha Kifaransa. Nikakisoma mimi, maana nyumbani kwetu mwenye diploma ya sekondari ni mimi. Kilisema: funga vitambaa vyeupe kwenye waya, kila baada ya hatua mbili, ili mbwa auone mpaka; akishapigwa mara mbili tatu, ataogopa kitambaa chenyewe. Nilisoma kwa sauti, kama mke mwema, kisha nikaenda kuchota maji. Niliporudi, nepi zangu zilikuwa zinapepea kuzunguka lupango lote.

"Juu ya nini hukuchana shati yako?" nilimwuliza.

"Shati yangu ni ya kazi."

"Kazi gani? Mashine zote zimelala. Munaendaka kule kucheza karata!"

Alikuwa anamwonyesha dume kitambaa, kwa upole ambao mimi sijaonyeshwa tangu siku ya harusi.

Sasa, waya ule ulipita kwenye urefu wa kifua cha mbwa, yaani usoni pa mtoto wangu. Na mtoto ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, akishika kila kitu kilichomsimamisha: kiti, ndoo, mkia wa jike jeusi. Nikasema hayo. Mume wangu akasema, "Atajifunza. Imbwa zimejifunza siku moja tu."

Basi nikamfunga mtoto mgongoni kutwa nzima. Nilisonga bukari, ugali wetu, naye mgongoni, nikafua naye mgongoni, naye akinipiga ngumi shingoni kwa sababu alitaka ardhi. Mbwa walitembea lupango lote wakijinyoosha juani. Mtoto aliyezaliwa mle ndani alikuwa kifungoni.

Yeyote aliyekaa kwetu anajua ninakoelekea. Kwetu, watu wa maombi na waganga wanaweka kitambaa cheupe kwenye ua wao, na anayepita anaelewa kwamba hapa wanapokea wagonjwa. Kimoja kinatosha. Sisi tulikuwa navyo lupango zima. Mimi na diploma yangu, sikuliwaza hilo hata mara moja.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja kutoka Kapolowe, anavuta mguu, na mkwe wake nyuma.

"Hodi, mama. Njo hapa banaombeaka bagonjwa?"

"Hapana, mama. Hapa kuko imbwa tu."

Alitabasamu, kama mtu anayejua kwamba watu wa Mungu wanaanza kwa kukupima moyo. Kabla sijaweka sabuni chini, akashika waya apate kuinua mguu. Miguu mitupu, udongo umelowa mvua. "Yesu!" akapiga kelele, akaruka, akatua ndani ya lupango kwa miguu yote miwili. Kisha akakunja goti. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Imeachia," alisema polepole. "Goti yangu imeachia!"

Mkwe akapiga magoti kwenye tope. Mume wangu akatoka ndani na povu la sabuni shavuni, akaangalia bibi, akaangalia waya. Nikafungua mdomo nieleze. Akaniwahi:

"Karibu mama, ukae kwanza."

Ndivyo ilivyoanza. Kabla wiki haijaisha, walianza kuja kutoka Panda yote, kisha kutoka Kambove: wenye mgongo, wenye kichwa, wenye mume asiyelala nyumbani. Walipanga mstari, wakashika waya, wakalia, wakaacha unga, samaki wakavu, siku nyingine kuku. Mume wangu hakusema hata siku moja kwamba yeye ni nabii. Alivaa tu ile shati ya kazi, nyeupe, akasimama karibu na kiboksi bila kusema neno. Ukimya wake ulikuwa na utakatifu mwingi. Na tulikula, siwezi kukataa. Mbwa walikula kwanza, kwa sababu yeye alimpa mzungu mkono.

Bombani, tunapochota maji, jirani yangu hakunipumzisha.

"Mama Nabii, leo kuko mustari?"

"Weye kuya ushike waya tu," nilimjibu.

"Minye niko muzima, dada."

"Basi kuya ushike na mudomo. Kule njo unagonjwa."

Wanawake wakacheka hadi ndoo zikamwagika, lakini mimi nilirudi nyumbani na hofu yangu ileile. Watu wageni kutwa nzima, mtoto anazidi kuwa mzito, anateleza kwenye kitenge, anajirusha. Ningechoka siku moja, dakika moja, na angekuwa chini.

"Zima ile kitu," nilimwambia mume wangu.

"Nikizima, imbwa zitatoka. Muzungu akirudi nitamuambia nini?"

"Na mutoto akishika, minye utaniambia nini?"

"Haina kuran ya kuua, ni umeme kidogo tu."

"Basi shika weye. Shika hapa, mbele yangu."

Aliangalia waya. Akaangalia saa yake. Akakumbuka kuna mtu anamngoja. Kwa muda wote ule, katika lupango lote lile la miujiza, mume wangu hakugusa waya wake hata mara moja.

Kisha umeme ukakatika kambi nzima, siku mbili. Kiboksi kikanyamaza. Wagonjwa hawakuja kwa sababu mvua ilinyesha kama mtu anamwaga pipa. Nilikaa kizingitini na mtoto mgongoni, nikaangalia mbwa. Nje, jike fulani la mtaani lilikuwa linalia. Dume likatoka mbio hadi kwenye mwanya, likafika mbele ya kipande cha nepi yangu, likasimama kama limekuta ukuta. Likanusa hewa. Likageuka. Siku mbili nzima hakuna hata mmoja aliyevuka. Ndipo nikakumbuka mstari niliousoma mimi mwenyewe kwa sauti, kama kasuku: ataogopa kitambaa chenyewe.

Nikachukua koleo kwenye mfuko wa kazi wa mume wangu. Nyuma ya pipa la maji, chini ya dirisha, pasipoonekana, pale waya ulipotoka kwenye kiboksi, nikaukata. Umeme uliporudi, kiboksi kikaanza tena tak, tak, tak, chenyewe kwa chenyewe.

Jioni ile nikamshusha mtoto chini.

Mbwa walibaki. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni kwamba wagonjwa nao waliendelea kupona. Mama mmoja wa Kambove, wa kichwa, alishika waya uliokufa akatetemeka mwili mzima hadi nikamletea maji. Mzee mmoja mchimbaji aliyekuja mara ya pili alisema kwamba safari hii nguvu haipigi sana, lakini inaingia ndani zaidi. Mume wangu, ndani ya shati yake, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa naosha sufuria. Ilibidi niinamie sufuria.

Ikaenda hivyo hadi Jumamosi moja, benchi la wagonjwa limejaa. Mtoto alitoka jikoni kwa mwendo wake wa mlevi, akapita katikati ya miguu ya watu, akafika kwenye waya, akaushika kwa mikono miwili. Akaning'inia. Akaingiza kipande cha nepi mdomoni, nepi yake mwenyewe, akatafuna.

Watu wakainuka. Mume wangu akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, akakimbia. Nakubali, alikimbia kweli. Lakini alipofika hatua moja mbele ya kitambaa, akasimama. Mkono ukaenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi. Vilevile kama dume siku ile ya mvua. Na mtoto anamcheka.

Mimi nikaenda, nikashika waya kwa kiganja chote.

"Angalieni! Hamuna kitu humu. Nilikata. Zamani! Muende kwenu."

Yule bibi wa Kapolowe, aliyekuja kushukuru, akasema:

"Kumbe ni mutoto. Nguvu iko mu mutoto."

Akasogea na goti lake. Wengine nyuma yake, mikono mbele. Nikamnyakua mwanangu, nikaanza kufungua vitambaa kimoja kimoja, nikivitia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Nilizunguka lupango lote hivyo, na kila kitambaa kilipotoka, watu waliondoka mmoja mmoja. Nilipofika kwenye cha mwisho, benchi lilikuwa tupu. Bila kitambaa, tulikuwa nyumba kama nyingine.

Jioni mume wangu akauliza, "Ulikata siku gani?"

"Siku za giza."

Akahesabu kichwani. "Na ule mama wa kichwa?"

"Umuulize yeye."

Vipande niliviunga kwa sindano vikawa tena nepi, mbaya lakini nepi. Nazianika kila siku kwenye kamba, mbele ya mwanya wa ua, zikiwa na madoa yake, na hakuna mgonjwa anayekuja kuombewa palipo na madoa yale. Mbwa wanaziona, wanalala chini, hawatoki. Mzungu hajarudi. Mume wangu anawaambia watu kwamba ameshika ahadi yake.

Waya tuliutoa wote. Lakini pale ulipopita, mbwa bado wanageuka, na mume wangu bado anainua mguu kama anauruka. Mtoto peke yake ndiye anayepita hapo bila kuangalia chini.