Mwaka Niliouguza Ukaitwa Kutoroka

Mama mkwe alipopata kiharusi, mume wangu ndiye aliyenipeleka kijijini kwao Iyula kumuuguza. Alinishusha na mabegi mawili, akasema, "Mke wangu, kaa naye mpaka ainuke. Mimi nitahangaika na magari." Tulikuwa na malori mawili yanayovuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia, na duka la vipuri nililoliendesha mwenyewe. Nikafunga duka. Nikakaa Iyula mwaka mzima na miezi miwili.

Nilimgeuza kitandani, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamfundisha kusimama akishikilia mibuni nyuma ya nyumba. Siku alipotembea mwenyewe hadi jikoni, tulilia wote wawili.

Niliporudi nyumbani Tunduma nilikuta vitenge vya mwanamke mwingine kwenye kamba yangu ya kuanikia. Duka lilikuwa limepangishwa.

Baraza la kata lilishindwa kutupatanisha, likatuandikia barua ya kwenda mahakamani. Nikaomba talaka na matunzo. Hakimu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alituambia mapema, "Matunzo sitoi kwa huruma. Nitaangalia mume ana uwezo gani, mke ana mahitaji gani, na nani hasa kaivunja ndoa."

Mume wangu akasimama. "Mheshimiwa, mimi ni dereva wa kuajiriwa. Malori ni ya mdogo wangu. Na huyu alinitoroka. Mwaka mzima hakukanyaga nyumbani."

Kadi za malori zilionyesha kweli jina la mdogo wake. Alizibadilisha nikiwa Iyula.

Kisha akaita shahidi wake. Aliyeingia ni mama mkwe, anatembea bila fimbo. Akaulizwa kama niliishi kwake.

"Alikuwa anapita kunisalimia," akasema. Hakunitazama.

Hakimu akaniruhusu nimuulize swali. "Mama, nani alikuwa anakupeleka kliniki?"

"Majirani."

Nilirudi kukaa. Ya mume niliyatarajia. Hili sikulitarajia kabisa.

Kesi ilipoitwa tena nilimleta muuguzi wa zahanati ya Iyula na rejista yake. Kila hudhurio la mama, mahali pa msindikizaji, pameandikwa jina langu na neno moja: mkwe. Hakimu aliipekua ukurasa kwa ukurasa.

Katika hukumu alisema sikutoroka, nilitumwa, na aliyenituma ndiye aliyeleta mke mwingine nyuma yangu. Talaka nikapewa. Malori hakimu hakuweza kuyagusa, kwani kadi zilikuwa na jina la shemeji. Matunzo akayapima kwa mshahara wa udereva ambao mume wangu mwenyewe aliutaja kwa kiapo, nilipwe kila mwezi mpaka nitakapoolewa tena au mahakama iamue vingine. Yalitosha chumba na chakula, basi.

Nje, mama mkwe alinisubiri getini. "Mkamwana," akasema, "yule ni mwanangu. Ningefanyaje?"

"Ungenyamaza tu, mama."

Alishika mkono wangu. Nilimwacha aushike kidogo, kisha nikautoa taratibu na kuondoka. Matunzo huchelewa, nakwenda kumkumbusha karani wa mahakama, yanaingia. Mume nimeshaacha kumfikiria. Mama bado namwota, na katika ndoto namlisha, naye ananiita mwanangu.