Kinanda cha Wakati wa Sadaka

Mpiga kinanda wa kanisa la kijiji huvua viatu kwanza, kisha hunyoosha vidole vilivyogeuka njano kwa sigara. Wakati wa sadaka hupiga nyimbo za dansi za zamani za ukumbi wa kikosi cha zimamoto, ambamo kijiji kilikuwa kikicheza na nusu ya waumini walichumbiana, akizivuta polepole hadi zisikike kama sala. "Wimbo gani huo?" padri huuliza. "Wa zamani, Padre." Vikongwe huinamisha nyuso wasije wakacheka. Kwenye mazishi ya Bogna, mumewe, mzee Zenon, aliutambua wimbo waliocheza pamoja siku walipokutana. Safari hii haukuvutwa. Ulikuja na mwendo wake wa dansi. "Acha hiyo!" padri alifoka. Kiatu cha Zenon kilikuwa kikigonga sakafu. "Mwache amalize, Padre. Bogna hapendi kukatizwa akicheza."