Kidole cha Wino

Juzi, harusini Madungu, wasichana waliimba beti alizotunga marehemu mama yangu, nami nikasikia harufu ya nazi mbichi.

Mama hakujua kuandika. Alasiri moja, tulipokuwa watoto, alimketisha Zuhura, mtoto wa mama mkubwa, ubavuni pake mkekani, akampa karatasi, kalamu na wino amwandikie beti zake. Mimi nilipewa mbuzi nikune nazi.

"Na wewe mwanangu, kila ubeti nikiusema, uurudie."

Nilirudia, huku nikikuna kwa hasira mpaka nikajikata. Nilidhani mwenye kalamu ndiye apendwaye.

Karatasi zile zililiwa na mchwa zamani. Wasichana wa harusini niliwafundisha mimi, kwa kichwa. Lakini Zuhura akija kunitazama, bado macho yangu hukitafuta kidole chake kilichoingia wino alasiri ile.