Soksi za Vinundu

Juzi nilipita Kabungu wakati wa mavuno, pamba imeanikwa juani, na harufu yake kavu yenye vumbi ikanirudisha kwenye mkeka wa bibi, mama yake mama, aliyenilea.

Nilikuwa darasa la nne, na shule ilitaka soksi nyeupe. Bibi alisema za dukani hazimalizi muhula. Akachambua pamba, akasokota uzi kwa mkono, akafuma kwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Nikimhimiza, hujibu, "Uzi ukiuharakisha, unakukatikia."

Zilitoka nene, zimejaa vinundu juu hadi chini, kama ganda la fenesi. Shuleni wakapiga kelele: "Jamani, soksi zina surua!" Na mimi nikacheka, nisilie. Saa ya kutoka nikazitumbukiza chooni. Nyumbani nikasema zimeibiwa.

"Aliyeiba labda ana baridi kuliko wewe," Bibi akasema, akaanza kusokota upya.

Alipofika kwenye kufuma, nilikaa karibu yake. Ndipo nikaona kwamba haangalii kazi yake. Vidole vilipapasa kinundu kimoja kimoja, midomo ikihesabu.

"Niangalizie hapa, mama. Kuna tundu?"

Lilikuwepo, kidole gumba kinapita.

"Bibi, huoni?"

"Naona mwanga tu. Vinundu ndivyo vinavyonionyesha njia. Usimwambie mama yako, atanihamishia kwake Makanyagio nikakae kwenye kiti kama mgeni."

Nikaangua kilio. "Bibi, hazikuibiwa. Nilizitupa chooni."

Nikatamani anichape. Kisha akanipa spoku. "Basi hizi utafuma wewe. Mimi nitasokota."

Nikuambieni ukweli, moja ilitoka ndefu, nyingine fupi. Nilizivaa hivyo hivyo, wakacheka mpaka wakachoka. Nikaendelea kufuma, mkono ukanyooka. Krismasi mama alipokuja alizigeuzageuza soksi zangu mpya, akasema, "Mama, kumbe macho yako bado makali!" Bibi akaitikia, "Tunamshukuru Mungu," huku akinifinya paja.

Miaka yote ile niliamini kufuma kulikuwa adhabu yangu. Nimekuja kuelewa ukubwani, sasa ninapomwomba binti yangu anitungie uzi kwenye sindano na kusingizia giza la chumba. Bibi alikuwa amehitaji msaada siku nyingi, akaona aibu kuuomba kwa mtoto. Kosa langu lilimpa pa kuanzia.